Kamongo Hayupo Mezani

Jumamosi, 11 Novemba 1995

Meli yangu kubwa, ile niliyoiita Kamongo, imepotea leo mchana mezani kwangu, soko la Bariadi, baada ya saa nane na kabla ya saa tisa. Naandika hivi asije mtu akaniambia baadaye kwamba nimesahau siku. Sijasahau. Kilichobaki ni kijiti chake cha spoku ya baiskeli, kimesimama peke yake juu ya kaniki.

Daftari hili nililinunua la kuandikia mvua, maana nimelima pamba ekari mbili na sitaki kuambiwa na redio kwamba kwangu imenyesha. Lakini mvua yenyewe haipo. Basi niandike hili.

Mwezi wa tano nilifungua belo la nguo za watoto. Katikati ya belo, mahali pa masweta niliyoyalipia, palikuwa na sanduku la karatasi ngumu. Ndani yake kulikuwa na vyombo mfano wa meli, vya madini mazito, vimepakwa rangi kwa mkono, kidogo kabisa kama ukucha na kikubwa kama kiganja. Nilikasirika. Nikataka kumpa fundi wa sufuria aviyeyushe. Halafu nikaona dadu, na kitabu cha Kiingereza kilichochanika nusu, kimejaa majedwali ya namba. Namba sizikimbii. Darasa la saba nilikuwa wa kwanza kwa hesabu wilaya yetu, na nafasi ya sekondari ikaenda kwa mtoto wa mkubwa. Nikanunua kamusi, nikakaa na kitabu kile hadi kikanifungukia.

Ni mchezo wa vita wa mezani. Meli hizo si za majini, ni za angani, zinapigana kati ya nyota na nyota. Upande mmoja ni watu kama sisi. Upande wa pili ni viumbe waliotoka kwenye nyota yao iliyokauka. Jina lao kitabuni halisemeki kwa ulimi wowote, tukawaita Wageni, na wale wengine Wenyeji. Marcelo, fundi baiskeli ambaye banda lake limeshikana na langu, alichukua Wenyeji. Mimi nikachukua Wageni kwa kuwa walikuwa wachache na hakuna aliyewataka. Uwanja ni kaniki niliyoidondoshea chokaa iwe nyota. Umbali tunapima kwa futi ya cherehani. Kila Jumamosi, gulio likianza kulegea, tunapanga majeshi.

Kamongo ndiye mkubwa wa Wageni. Kijani kilichoiva, tumbo la rangi ya mfupa, paji limevimba juu ya pua, na ubavuni vidirisha vidogo ambavyo huyo aliyevipaka lazima alitumia ncha ya sindano. Kitabu kinasema meli hii ikitulia bila kusogea zamu nzima, kinga zake hujijaza upya. Ndiyo maana nikaiita kwa jina la yule samaki anayelala ndani ya udongo mkavu, anasubiri. Marcelo hana subira. Kamongo ananyamaza, Marcelo anasogea, Kamongo anaamka. Amenifunga mara chache sana. Jumamosi iliyopita alisema mbele ya watu, "Siku moja hii meli yako nitaizamisha kweli, hutaiona tena."

Kila kitu nilicho nacho kina bei, hata kitanda ninacholalia nikipata wa kukinunua nitakiuza. Hii meli peke yake niliwahi kusema haiuzwi. Dereva wa lori wa Maswa aliitaka mwezi uliopita, akapandisha na kupandisha. Nikamwambia haiuzwi na haiombwi, aende.

Leo mchezo ulikatika katikati. Mama mkwe wa Marcelo, bibi Nyanjige wa Ngulyati, alikuja kupumzika kwenye benchi langu na michembe yake, viazi vitamu vikavu anavyouza, kama kawaida yake. Marcelo naye, kwa heshima ya buko, akaruka kama ameona nyoka, akaenda nyuma ya turubai, maana mkwe hakai uso kwa uso na mama wa mkewe. Mimi nikaingia ndani kumpimia sketi mama mmoja wa Migato. Nilipotoka, Kamongo hakuwepo.

Jumapili, 12 Novemba

Misa. Sikuyasikia mahubiri, nilikuwa nahesabu. Waliokuwa karibu na meza ni watatu: Marcelo, Anatoli fundi cherehani, na yule mama wa Migato. Wa Migato nilikuwa naye mimi mwenyewe nyuma ya pazia, ana pini mdomoni. Anatoli alikuwa kwenye cherehani, nilisikia mashine yake haikukatika. Anabaki mmoja.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimekuta mtetea mweupe amefungwa mguu kwenye nguzo ya banda langu. Nimeuliza majirani wote, hakuna mwenyewe. Mvua hakuna.

Jumatano, 15 Novemba

Kuku bado yupo. Anakula mahindi yangu kama mgeni rasmi.

Biashara mbaya. Wakati wa kampeni vyama vyote viligawa fulana za bure, sasa mkoa mzima wa Shinyanga umevaa nyuso za wagombea na hakuna anayetaka fulana ya kununua. Ndiyo soko huria hilo. Wenye kugawa bure wako huru, na mimi niko huru kukaa na belo.

Jumamosi, 18 Novemba

Mwenye kuku hajatokea. Nimemchinja. Alikuwa mnono.

Hatukucheza. Marcelo aliuliza kama tupange, nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi.

Jumanne, 21 Novemba

Wingu limekuja mpaka juu ya Ngulyati likageuka. Kija, mke wa Marcelo, amepita na mtoto wao Salu mgongoni, wanatoka hospitali tena. Mtoto ana mwaka na miezi na shingo yake bado ni nyembamba kama ya kifaranga. Wamempa dawa ya kuongeza damu. Nilitaka kumwuliza Kija kuhusu meli, lakini mtu mwenye mtoto wa namna ile humwulizi habari ya meli.

Jumamosi, 25 Novemba

Hakuna mvua. Hakuna mchezo.

Jumamosi, 2 Desemba

Leo nimesema.

Marcelo alikuja na kikombe cha chai akakaa kwenye kiti chake, kile cha kreti ya soda. "Dada Feli, tupange."

"Tupange nini? Jeshi langu halina kichwa."

"Tumia zile ndogo. Mimi naziweka pembeni meli zangu mbili kubwa, tuwe sawa."

Anatoli hakuweza kujizuia. Alisimamisha mashine. "Mama mitumba, huyo anakuonea huruma. Na mwizi akishashiba huwa na huruma sana."

Watu wakacheka, walikuwepo wengi, ni gulio. Nikaona afadhali liishe. Nikamwambia, "Marcelo, nakuuliza mara moja. Uliichukua wewe?"

"Sikuichukua."

"Aliyeichukua unamjua?"

Hapo akakiangalia kikombe chake. Marcelo ni mtu wa kusema, anaweza kukueleza habari ya mnyororo wa baiskeli mpaka ugali ukapoa. Sasa akakizungusha tu kikombe mkononi.

"Marcelo. Ndiyo au hapana."

"Dada, jambo hilo mimi sina mdomo nalo."

"Huna mdomo? Na huo unaonywea chai ni wa nani?"

"Sina mdomo nalo," akarudia, taratibu, kama mtu anayekataa chakula nyumba ya watu.

Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza dagaa: "Basi ni wewe. Mtu asiye na kosa ana mdomo."

Akainuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akamwaga chai iliyobaki, akarudi kwenye baiskeli yake. Jioni nilimwona amefunga gunia kati ya banda lake na langu, mahali ambapo tulizoea kupitishiana moto wa jiko.

Jumanne, 5 Desemba

Gunia bado lipo. Ni la pamba, lina tundu. Sichungulii.

Jumamosi, 9 Desemba

Mvua! Ilianza alfajiri, ikanyesha hadi saa tano, kubwa, ya kulowa mpaka ndani. Mbuga zote zimekuwa nyeusi. Kama kuna kamongo wa kweli huko mto Duma, leo ameamka.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimepanda. Mgongo.

Jumapili, 17 Desemba

Nimecheza peke yangu nyumbani, pande zote mbili. Nimeshinda, nimeshindwa, haina utamu. Mkono wa kulia unajua wa kushoto unataka kufanya nini. Nilitoa kile kijiti cha spoku nikakiweka mahali pa Kamongo, nikaweka juu yake kizibo cha soda. Nikakiondoa. Ni kama kumvisha mbuzi kofia ya padri.

Kijiti chenyewe nimekitazama vizuri. Kile cha zamani, cha plastiki, kilivunjika mwezi wa sita. Marcelo akakata spoku mpya, si kuukuu, akaipinda juu kidogo ili tumbo la meli likae bila kukwaruzwa rangi, na chini akaisimamisha kwenye kipande cha chuma alichokisugua mpaka kikang'aa. Hakunidai kitu. Mtu anayekusudia kukuibia meli haitengenezei kitako namna hii. Nimeandika hivyo. Lakini pia mtu asiyeiba anasema hapana halafu anasema ni nani.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Wali, na nyama ya kununua. Mvua kidogo.

Jumamosi, 6 Januari 1996

Palizi. Anatoli ananiuliza kila gulio, "Vipi vita vya nyota, mmesaini amani?" Watu waliokuwa wanakuja kututazama sasa wanakwenda kwa wacheza drafti upande wa stendi.

Jumamosi, 20 Januari

Nimekosea hesabu. Naandika yote.

Saa nne asubuhi Kija alikuja na Salu mgongoni. Hakunisalimia kwanza, na Kija si mtu wa kutosalimia. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Dada Felisita, nimekaa nalo tangu Desemba, nimechoka. Kwa nini unamwita mume wangu mwizi sokoni? Watu hawamletei tena baiskeli za kulala, wanasubiri pale pale mpaka amalize, wanamlinda kama jogoo anayekula mtama."

Nikamwambia, "Amtaje aliyeichukua, nitamwomba radhi hapa hapa."

"Kuchukua nini? Mimi sijui hata unachodai, yeye hasemi kitu nyumbani."

"Meli yangu. Ile ya kijani."

Kija akanitazama. Mtoto naye akanitazama, kutoka begani kwa mama yake. Hapo ndipo nikaona kwamba shingo imekaza. Mashavu yamerudi. Alikuwa amekamata pete ya sikio la mama yake na anaivuta kwa nguvu hasa.

"Meli ya babu?" Kija akasema. "Ile ya vita? Lakini mama aliinunua."

"Aliinunua kwa nani?"

"Kwako. Kwa kuku mweupe."

Nilikaa chini. Kuku nilimkumbuka vizuri sana. Nilimla kwa ugali, na mchuzi ulibaki wa kesho yake.

Akanieleza, na alivyoendelea sauti yake ilishuka, kwa sababu na yeye alikuwa anaanza kuelewa. Mtoto aliugua tangu kiangazi. Hospitali walikwenda, dawa walipewa. Bibi Nyanjige naye akaenda kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli, na mfumu akasema ni baba yake bibi, mzee Luhaga, anayemshika mtoto. Hana ubaya, anataka tu kukumbukwa. Alichukuliwa wakati wa vita vya Wazungu, akapandishwa meli, akaenda Bama, yaani Burma, hakurudi. Kila mzee wa boma lile ana kitu chake katika kibanda cha masamva, mizimu ya ukoo. Mmoja ana mkuki, mwingine bangili, mwingine kigoda. Luhaga hana. Mfumu akasema atafutiwe kitu cha safari yake.

"Mama akasema anajua ilipo meli ya vita," Kija akasema. "Kwamba ameiona mara nyingi, wanaipigania kila gulio."

Sasa nikarudi kwenye hesabu yangu ya tarehe 12 Novemba. Niliandika watu watatu. Kwenye benchi, hatua mbili kutoka mezani, alikaa mtu wa nne, na mimi mwenyewe nimemwandika ukurasa wa nyuma yake kwa mkono wangu. Sikumhesabu kwa sababu huwa simhesabu. Ni bibi wa michembe, yupo kama benchi lenyewe. Na nakumbuka mwezi wa kumi aliniuliza, kwa Kisukuma chake cha kumwita kila mtu mwanangu, "Ng'wanawane, hii ndiyo meli ya vita?" Nami nikamjibu bila kumtazama, kama unavyomjibu mama yeyote, "Ndiyo mayu, ya vita."

Marcelo alikuwa nyuma ya turubai. Turubai lina upenyo. Aliona. Lakini mkwe hawezi kutamka jina la mama wa mkewe, sembuse kumnyooshea kidole mbele ya soko zima na kusema yule pale, mama wa mke wangu, alichukua. Afadhali aitwe mwizi yeye. Na hivyo ndivyo alivyofanya, mwezi na nusu, nyuma ya gunia.

Kija hakusema kwaheri pia. Alisema tu, "Mama atakufa kwa aibu akisikia."

"Asisikie kwako," nikamwambia. "Nitakwenda mwenyewe."

Jumapili, 21 Januari

Mvua kubwa. Barabara haipitiki. Dawa ya damu mtoto alianza Novemba, na meli iliondoka kwangu Novemba. Nimejaribu kuvitenganisha nijue kipi kilimponya. Hesabu haitengani.

Jumamosi, 27 Januari

Nimekwenda Ngulyati kwa baiskeli. Udongo mweusi uliganda kwenye magurudumu mpaka nikaibeba baiskeli badala ya yenyewe kunibeba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikusudia kusema: mayu, kuku mmoja si bei yake, nakuletea kuku wawili, nipe meli yangu. Ni biashara halali na nilikuwa na kuku hao kwenye kapu.

Bibi Nyanjige alikuwa anaanika maharage yaliyolowa. "Mwadila, mayu," nikasema.

"Mwadila, ng'wanawane. Umenona. Kuku wangu amekukaa vizuri."

Hivyo tu, kabla sijaegesha baiskeli. Nikaona hana aibu yoyote, na Kija alijisumbua bure.

"Mayu, sikujua kuku yule ni wa nini."

"Lakini tumbo lilijua?"

"Nilimlisha siku tano nikimtafuta mwenyewe."

"Halafu?"

"Nikamla."

"Basi." Akaendelea kutandaza maharage. "Ungemrudisha ningerudisha. Kuku akishaliwa, neno limeisha."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nilikuwa nimekaa pale ulipomwambia yule wa Maswa kwamba haiuzwi na haiombwi. Nikasema sawa. Kisichouzwa na kisichoombwa kinabadilishwa."

Nina miaka kumi na mitatu sokoni. Hakuna aliyewahi kunifunga hivyo, si Mhindi wa belo, si mtu wa ushuru.

Akaniita nifuate. Kibanda cha masamva ni kidogo, paa la nyasi linafika kiunoni, na hakina mlango. Nikachuchumaa. Kulikuwa na kigoda, bangili ya shaba iliyoingia kijani, mkuki umelazwa. Katikati alikuwepo Kamongo. Amesimama. Si kwenye udongo wala kwenye jiwe, amesimama juu ya spoku mpya, imepindwa kidogo juu ili tumbo lisikwaruzwe. Pua imeelekea nje, mkia umefichwa kwenye kivuli, kama ninavyompanga mimi mwanzo wa mchezo. Kwenye paji lake palikuwa na doa jeupe la tambiko, maji ya unga wa mtama. Rangi ilikuwa nzima, kila kidirisha.

Kwa hiyo Marcelo hakunyamaza tu. Alitengeneza na kitako. Nilitaka nikasirike, nikatafuta hasira pale nilipokuwa nimeiweka, nikakuta imepungua.

"Ilikuwa inaanguka," bibi akasema. "Nikamwambia binti yangu, naye akamwambia huko kwake. Ikaletwa hiyo."

"Mayu, nikuambie kweli. Hii siyo meli iliyombeba baba yako. Hii haijawahi kugusa maji. Ni ya angani, ni ya viumbe ambao hata kitabu hakijui kuwataja. Nyota yao ilikauka, wakaondoka."

"Wakarudi?"

"Hapana. Hawana pa kurudi."

Akakaa kwenye kizingiti. "Nilikuwa bado nabebwa mgongoni alipochukuliwa. Karani wa mtemi alitusomea barua moja, kwamba yuko kwenye meli ya vita. Baada ya hapo hakuna. Mama yangu alikaa akimngoja, mpaka kungoja kukawa kazi yake. Hatukuzika kitu, ng'wanawane. Hata ukucha." Kisha akaniuliza, bila ukali, "Wewe unafikiri aliko sasa, kuna maji?"

Nilikuwa na mkono wa kuichukua, na kibanda hakina mlango. Nikawaacha kuku wawili pale, sikusema ni wa nini, nikarudi.

Naandika wazi kwamba sijakubali. Kuku watatu sasa si bei ya Kamongo.

Jumamosi, 3 Februari

Nimelifungua lile gunia. Marcelo alikuwa ameinamisha baiskeli kichwa chini.

"Kiti chako kipo," nikamwambia. "Njoo ukae."

Akanitazama. "Umejua?"

"Nimejua. Jina silitaji."

"Asante, dada." Akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo. "Nilikuwa nakosa usingizi. Ningesemaje?"

"Ungesema, uliza habari ya kuku."

"Na ungeniuliza kuku ni wa nani."

Ni kweli, ningeuliza. Nikamwita Anatoli na wale wote waliokuwa karibu, nikasema kwa sauti ile ile ya Desemba, hadi kwa wauza dagaa: "Marcelo hakuiba. Mimi nilihesabu vibaya." Anatoli akafungua mdomo. Nikamwambia, "Na wewe shona."

Tulicheza. Wageni walipigwa vibaya sana.

Jumamosi, 10 Februari

Wamepigwa tena. Pamba imefika magotini.

Jumamosi, 17 Februari

Marcelo anashinda na hafurahi. Leo aliweka dadu chini katikati ya zamu. "Dada, nilizoea kuogopa," akasema. "Bila kuogopa naona kama natengeneza baiskeli tu."

Nimefikiria jambo wiki hii. Naona ni la kijinga, lakini nimelipiga hesabu mara tatu na linatoka sawa.

Jumatano, 21 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimetoka misa moja kwa moja hadi Ngulyati, majivu kwenye paji la uso, na Kamongo pale kibandani ana unga kwenye paji lake. Tulitazamana.

Salu alikuwepo, ameletwa kwa bibi yake. Anasimama kwa kushika ukuta.

Nikamwambia bibi shauri langu. Meli ikae hapa ilipo, ni ya mzee, sidai irudi. Ila kila Jumamosi yeye anakuja gulioni na michembe. Aje nayo kwenye kapu, tuicheze mchana, jioni aondoke nayo. Marcelo atakaa nyuma ya turubai mpaka nitakapokuwa nimeshaipokea mimi kwa mkono wangu. Hakuna heshima itakayovunjika.

Bibi Nyanjige alicheka mpaka akashika magoti. "Ng'wanawane, unataka kumwazima mzee chombo chake akapigane sokoni!"

"Ndiyo, mayu."

"Mimi siyo mwenyewe. Mwulize mwenyewe. Akikubali utaniona nakuja nayo. Akikataa utaniona nakuja na michembe."

"Nitajuaje kwamba ni yeye amekataa na siyo wewe?"

"Na wewe ulijuaje kwamba kuku hana mwenyewe?"

Basi nikachuchumaa mbele ya kibanda. Yeye akaondoka na mtoto, akatuacha. Nilisema kwa Kisukuma. Hapa naandika kama nilivyosema, ili kusiwe na mabishano baadaye.

Mzee Luhaga, shikamoo. Mimi ni Felisita, kwetu Ipililo, nauza nguo Bariadi. Nilimla kuku wako bila kujua, nimeleta wengine wawili nikijua. Meli siidai. Naiomba Jumamosi tu, jua likishainama, mpaka soko lifungwe. Itakwenda vitani, na vita wewe unavijua. Ila huku kwetu ikipigwa haizami, tunaiweka pembeni ya kaniki tu. Na jioni inarudi nyumbani. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nisikilize vizuri: kila mara itakayoondoka hapa, jioni itarudi nyumbani.

Mimi ni mtu wa biashara. Sitaki ndoto, sitaki ishara ya ndege, sitaki mtoto aguswe. Nataka ndiyo au hapana. Spoku yangu nimeshaipanga mezani, haina kitu juu. Jumamosi hii, tarehe 24, saa tisa mchana. Unakubali au hukubali?